Uso wa Gitaa katika Hewa ya Mombasa

Anayenunua gitaa kavu Mombasa husikia ushauri uleule kila anakogeuka: tafuta lenye uso wa ubao mzima, usitupe pesa kwenye plaiwudi. Ushauri huo una ukweli, lakini umetoka nchi za hewa kavu. Hapa kisiwani, kutoka Ngome ya Yesu hadi Bandari ya Kale, bahari haiko mbali na mlango wowote. Unyevu hewani kwa kawaida huwa juu ya asilimia 70, na usiku hupanda zaidi, ilhali watengenezaji wengi wa magitaa hupendekeza asilimia 45 hadi 55. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni uso upi unaolia vizuri, mpigaji wa hapa aulize kwanza gitaa lake litakaa wapi na litatunzwa vipi.

Tuanze na kazi ya uso wenyewe. Uzi wa gitaa ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha sikio. Mtetemo wake hupita kwenye daraja lililogandishwa usoni, uso ukacheza juu na chini, na uso ndio unaoisukuma hewa. Ili uifanye kazi hiyo lazima uwe mwepesi, usogee upesi, na wakati huohuo uwe mkakamavu, kwani seti nyepesi ya nyuzi za chuma huuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na nyuzi za nailoni karibu kilo 40. Sprusi, mti wa nchi za baridi, ina sifa zote mbili. Ikipasuliwa vizuri hadi unene wa milimita 2.5 au 3, ukakamavu wake kwa urefu huzidi ule wa upana kwa mara kumi na zaidi. Upana huo dhaifu fundi huushikilia kwa fito anazozigandisha kwa ndani, mithili ya mataruma ya jahazi.

Uso unaoitwa wa ubao mzima kwa kawaida ni vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kuunganishwa katikati. Uso wa tabaka ni karatasi za mbao, mara nyingi tatu, zilizogandishwa moja juu ya nyingine, na ile ya katikati imelazwa kukingama na wenzake. Kukingama huko kunapunguza ukakamavu wa urefu, na gundi inaongeza uzito na kumeza sehemu ya mtetemo. Ndiyo maana gitaa la tabaka mara nyingi huwa na besi nyembamba, na sauti yake hufifia mapema. Tofauti hii ni ya kweli, na anayepiga kwa vidole taratibu ataisikia hata kama hajawahi kuambiwa.

Sasa tuingize unyevu katika hesabu. Mbao haiachi kunywa na kutoa maji ya hewani. Kwenye hewa ya asilimia 45, mbao hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 8 au 9 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 80 hufika karibu 16. Sprusi iliyopasuliwa kwa ajili ya gitaa hutanuka kwa upana takriban asilimia 0.15 kwa kila asilimia moja ya maji inayoongezeka. Uso wa gitaa kubwa una upana wa milimita 400 hivi pale ulipo mpana zaidi. Zidisha, utapata zaidi ya milimita 4. Mabadiliko hayo huchukua wiki kadhaa, na vanishi huyachelewesha, lakini hayazuii. Uso wa tabaka husogea sehemu ndogo tu ya hapo, kwa kuwa kila karatasi humzuia jirani yake.

Ubao ulioshikwa na gundi pembeni kote hauna pa kwenda. Ukitanuka, hutuna. Daraja huinuka pamoja nao, nyuzi huenda juu ya freti, vidole huumia, na sauti huziba kwa sababu uso umekuwa mzito kwa maji. Hilo ndilo tatizo la kisiwani, na kutuna huku wengi hudhani ni shingo iliyopinda. Nyufa huja kwa njia nyingine, nazo mara nyingi huja safarini. Gitaa lililoshiba hewa ya Mji wa Kale likipanda treni Miritini na kuhamia Nairobi mwezi wa Januari au Februari, mchana wa huko unaweza kushuka hadi karibu asilimia 40. Uso husinyaa huku fito na mbavu zimeushika, na unapozidiwa hupasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana hufanya kazi hiyohiyo bila safari.

Biashara ya magitaa Afrika iliwahi kulijibu jambo hili waziwazi. Magitaa ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini yalienea hadi kwetu, na kwa wanamuziki wengi wa Tanzania galatoni likawa jina la gitaa kavu lolote. Moja lilifika mbali zaidi: mwaka 1957 John Lennon, akiwa kijana wa Liverpool, alipata Gallotone Champion, na kibandiko cha ndani kilihakikisha kwamba gitaa hilo halitapasuka. Ahadi hiyo iliwezekana kwa sababu ya mbao za tabaka. Aliyekuwa akiuza gitaa la bei nafuu kwa watu watakaolibeba mabasini na kulipiga nje alichagua kupoteza sehemu ya sauti ili chombo kidumu, na alichagua sawa.

Hata hivyo, asiyepasuka hajasalimika na kila kitu. Adui wa plaiwudi pwani ni gundi mbovu. Gundi isiyostahimili maji huachia pole pole, karatasi ya juu huinuka kama lengelenge, na uso huanza kukoroma unapogonga noti fulani. Tabaka hizo ni vigumu kuzirudisha, ilhali ufa wa ubao mzima fundi anaweza kuuziba na kuutia vibandiko vya mbao kwa ndani. Basi uso wa tabaka nao usinunuliwe kwa kufumba macho.

Wapigaji wa taarabu wa Mombasa wameishi na swali hili tangu kabla ya gitaa kuenea. Kibangala cha zamani kina uso wa ngozi, na ngozi hulegea hewa inapolowa. Udi una uso wa ubao mzima, mwembamba kuliko wa gitaa, umeegemea fito zilizokingama. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake Mombasa, aliujengea udi heshima kubwa katika mji huu, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba ubao mzima haufai pwani. Nyuzi za udi huvuta kwa nguvu ndogo kuliko za chuma, na chombo chenyewe hukaa ndani ya mfuko au kasha, hutolewa kwa shughuli na kurudishwa. Mwenye gitaa la ubao mzima anahitaji kuiga desturi hiyo.

Kuna njia ya kati, na msingi wake uliwekwa Hispania. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso wa ubao halisi, kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni zaidi ya kwingine. Magitaa mengi ya bei ya wastani leo yanafuata hoja hiyo: uso wa ubao mzima, mgongo na mbavu za tabaka. Kwa Mombasa mpangilio huu una faida ya ziada, kwani mgongo hautuni wala kupasuka, na mwenye gitaa anabaki na uso mmoja tu wa kuulinda.

Ushauri wangu ni huu. Kama gitaa ni la shule, la kanisani au la barazani, chukua la tabaka, na pesa iliyobaki umpe fundi alisawazishe daraja na freti. Kama unarekodi au unapiga peke yako kwa vidole, na una kasha gumu na chumba cha ndani, chukua uso mzima wenye mgongo wa tabaka. Gitaa lililo ubao mzima kote mwachie anayeweza kudhibiti hewa ya chumba chake mwaka mzima. Anayetumbuiza jioni kwenye ua wa Ngome ya Yesu, juu ya mwamba wa matumbawe ambako Wareno walijenga kati ya 1593 na 1596, anapiga saa ambazo unyevu unapanda. Gitaa la ubao mzima kote ndilo la mwisho kulipeleka huko.

Dukani, usitegemee kibandiko. Kikisema sprusi bila neno "solid", chukulia kwamba ni tabaka. Tazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya ubao mzima huteremka kutoka juu hadi chini ya ukingo, ya tabaka hukatika, na rangi tofauti huonekana katikati. Pitisha kidole ukingoni kutafuta karatasi iliyoachia, kisha gonga uso kidogo kidogo na usikilize mkoromo.

Ukishanunua, weka kipima unyevu ndani ya kasha, tia vifuko vya silika na uvikaushe vinapojaa, na usiliache gitaa ndani ya gari juani, kwani joto hulegeza gundi ya daraja. Unapokwenda bara, lifunge kasha na uliache likae saa kadhaa kabla ya kulifungua. Asiyeweza kuyafanya haya asione haya kununua plaiwudi iliyogandishwa vyema. Gitaa linaloshika tuni na kupigika kila siku litamfundisha mengi kuliko la ubao mzima linalosubiri zamu kwa fundi.