Nakala Rudufu au Nakala ya Akiba?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuenea, "nakala rudufu" inastahili kuchunguzwa upya. Hutumika kutaja nakala ya kanzidata inayowekwa kando ili irejeshwe pindi asili yake inapoharibika. Kurudufu ni kutoa kitu kilicho sawa na asili. Lakini kanzidata hubadilika kila inapoingizwa taarifa, na nakala ya jana usiku si sawa tena na asili yake leo adhuhuri. Istilahi hii, basi, husisitiza ufanano na kuficha jambo lililo kubwa zaidi, yaani wakati.

Kasoro hiyo hiyo huonekana katika majina ya mafaili. Mtumishi huandika "nakala mpya", kesho yake "nakala mpya zaidi", kisha "nakala ya mwisho". Siku ya maafa hajui airejeshe ipi.

Kazi ya kutunga majina yaweza kuachiwa kompyuta yenyewe, mradi ipewe kanuni. Kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa kwanza mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu: 2024-03-09. Hivyo mpangilio wa majina huwa ndio mpangilio wa wakati. Majina ya miezi hayafai hapa: kwa alfabeti, Agosti hutangulia Aprili, na Januari huwa wa tano. Wala sifuri ya 03 si pambo, kwani pasipo sifuri, faili la mwezi wa 10 laweza kutangulia la mwezi wa 2.

Saa nazo zina mtego. Nakala iliyotolewa Dar es Salaam saa nane usiku huandikwa 02 kwa saa za Afrika Mashariki. Kompyuta iliyowekwa katika saa za Greenwich huiandika 23, tena kwa tarehe ya jana. Wakati ni mmoja, majina ni matatu. Kanuni isiyotaja hesabu ya saa haijakamilika.

Kwa maoni yetu, "nakala ya akiba" yafaa zaidi. Akiba huwekwa kwa siku ya haja, na mwenye kuitegemea hana budi kujua iliwekwa lini. Twafahamu kwamba neno lililozoeleka haling'oki upesi. Hata hivyo, istilahi isiyomkumbusha mtumiaji madhumuni ya kitu ni nusu ya istilahi.