"Chimba" au "Lima"?

Kauli ya serikali huweza kubeba ushairi bila ya kutungwa na mshairi. Mfano mmoja ni "Dig for Victory", wito uliotolewa Uingereza mwezi Oktoba 1939, mara tu baada ya vita kuanza. Nchi ile ilitegemea mno chakula cha kuletwa kwa meli, na nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizizamisha meli hizo. Raia wakatakiwa waoteshe viazi na mboga majumbani mwao na katika viwanja vya mji. Kufikia mwaka 1943, vishamba vya kukodi vya raia vilikadiriwa kuwa milioni 1.4.

Tafsiri imjiayo mtu kwanza ni "Lima kwa ajili ya ushindi". Maana imefika, shairi limebaki ng'ambo. Tuhesabu mizani: asili ina tano, tafsiri ina kumi. Hasara kubwa zaidi imo katika kitenzi. Kulima, kwetu, ni neno la amani. Lina jembe, mvua na mavuno. Kitenzi cha Kiingereza huchimba bustani, handaki na kaburi kwa pamoja. Na ndivyo mambo yenyewe yalivyokuwa. Vibanda vya mabati vya Anderson, vya kujikingia mabomu, vilizikwa nusu uani, vikafunikwa udongo, na juu yake watu wakaotesha mboga. Hata handaki la ngome ya Tower of London liligeuzwa bustani.

Methali zetu zimeyatenga maneno haya. "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi" humtaja anayelisha. "Mchimba kisima huingia mwenyewe" humwonya anayedhuru. Wito ule ulitaka kila mlaji awe mkulima, lakini ulimwita kwa kitenzi cha methali ya pili.

Tanzania, ilipokabiliwa na uhaba wa chakula katika miaka ya 1970, iliuacha ukulima na upole wake, ikaongeza tisho pembeni: "Kilimo cha Kufa na Kupona". Hapo hatari imetajwa wazi. Katika wito wa Kiingereza imejificha ndani ya kitenzi, na mfasiri hana ruhusa ya kuifukuza.

Kwa hiyo napendekeza "Chimba tushinde", mizani tano kamili. Msomaji atauliza: tuchimbe nini? Na aulize. Katika ua uliotoa viazi mchana na hifadhi usiku, jibu halikuwa moja.