Kitanda cha Kamba Hakitaki Msumari

Kitanda cha kamba kikianza kuyumba, wengi wetu hukimbilia nyundo. Tendegu linacheza, mfumbati umechomoka kidogo kwenye tundu lake, basi mtu anatafuta msumari wa inchi nne na kuugongomea pembeni. Kitanda kinatulia kwa muda. Kisha mti unapasuka kuufuata msumari, na kwa sisi wa pwani msumari wenyewe unaliwa na kutu ukiwa humo humo ndani. Mimi si seremala, ila nimepata kuvishughulikia vitanda vya namna hii uani kwangu, na karibu kila tendegu lililopasuka nililolishika lilikuwa na msumari ndani yake.

Anayekijua kitanda hiki huanza na kamba. Tazama kilivyoundwa: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja upande wa kichwa na kingine miguuni. Ncha za miti hiyo zimechongwa ndimi, na kila ulimi una tundu lake kwenye tendegu. Kamba ikishawambwa na kukazwa, inaivuta mifumbati ndani na vitakizo ndani, na kadiri inavyovuta ndivyo ndimi zinavyozidi kuzama. Uzito wa mlalaji, ambao kwenye kitanda cha misumari ndio unaobomoa maungio, hapa unayakaza. Katika samani zote za nyumba zetu sijaona iliyofikiriwa vizuri kuliko hii. Na ndiyo sababu kamba ikilegea kitanda kizima huyumba, hata kama mti wake ni mzima kabisa.

Basi kazi ya kwanza ni kufumua, na kufumua kunataka utulivu. Usiikate kamba ya zamani yote kwa mara moja. Fumua upande mmoja, uache mwingine, kwa sababu msuko uliobaki ndio mwalimu wako: utakuonyesha kamba ilianzia pembe ipi, ilipita juu ya ngapi na chini ya ngapi, ilifungwa wapi. Ukishaelewa, chora au piga picha, ndipo umalizie. Kabla ya kuchomoa miti, tia alama kwa penseli kwenye kila ulimi na tundu lake. Ndimi hizi zilichongwa kwa mkono, na wa pembe hii haukai sawasawa kwenye pembe ile. Kisha mwagia maji yaliyochemka kwenye matundu yote. Kunguni hupenda kujificha humo, na dawa ya dukani haifiki walipo.

Misumari ing'olewe kwa koleo, na chini ya koleo uweke kipande cha ubao ili mti usichubuke. Kama kitanda ni cha mvule, funika pua na mdomo unapopiga msasa. Vumbi lake huwasha macho na kifua.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya ulimi uliolika. Kwa miaka mingi umekuwa ukicheza ndani ya tundu, umepungua unene, na sasa unaingia na kutoka bila kizuizi. Huhitaji mti mpya. Chukua kibanzi chembamba cha mti wa aina ile ile, ukilaze kwenye shavu la ulimi huku nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za ulimi, ukigandishe kwa gundi ya mbao, na upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Asiye na jiriwa hana haja ya kuhangaika: kata utepe wa tyubu ya baiskeli, uuvute na kuuzungusha mara nyingi juu ya ulimi, na utabana kupita vifaa vingi vya kununua. Acha mpaka kesho yake. Halafu kaa chini na patasi kali, uondoe kibanzi kidogo kidogo, ujaribishe, uondoe tena. Mahali panapobana pataacha alama inayong'aa. Hapo ndipo pa kupunguza, na mahali pengine pasiguswe. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa na mkono, kisha ukataka pigo dogo la nyundo ya mti kwenye sehemu ya mwisho, acha. Ndani ya tundu usitie gundi. Atakayekuja kukitengeneza baada yako naye atataka kukifungua.

Kiunzi kikishasimama, pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mshazari huu na ule. Vipimo vikilingana, kitanda kimenyooka.

Kwa kuwamba, mimi nachagua kamba ya makumbi. Mashariki ya Unguja, sehemu kama Paje na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mashimo ya ufukweni kwa miezi, maji ya bahari yakaozesha kilicho laini na kubakiza nyuzi. Hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, usumba ukaanikwa na kusokotwa kwa viganja. Kamba ya namna hii ndiyo iliyoshona mitepe ya visiwa vya Lamu, vyombo vilivyokata bahari bila msumari hata mmoja. Kamba ya katani, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf aliliingiza Tanganyika mwaka 1893, ina nguvu lakini unyevu huiozesha mapema. Kamba ya plastiki tunayoiita manila haiozi, ila fundo lake huteleza na yenyewe huendelea kurefuka.

Kamba inyunyiziwe maji kwanza ilainike, na kazi ifanywe na watu wawili: mmoja anapitisha, mwingine anashikilia asirudishe hata kidogo. Kila mzunguko unakazwa kabla ya kuanza unaofuata, kwa sababu ulegevu ulioachwa nyuma ni shida kuufuata baadaye. Nimewatazama wazee wanaoifanya kazi hii, wakipitisha na kuvuta bila kuangalia mikono, kidole gumba kikibana kamba juu ya mfumbati huku mazungumzo yakiendelea, na ule mstari wa msuko ukitoka umenyooka toka kichwani hadi miguuni. Mikono yangu haijafika huko. Lakini kila safu ninayoivuta huniongezea heshima kwao.

Wiki za mwanzo kamba mpya italegea, na hilo si kosa la mtu. Fungua fundo la mwisho upande wa miguuni, anza kukaza kutoka kichwani safu kwa safu, ufunge tena.

Kama kipo kitanda cha namna hii kwenye banda la wazee wako, usikipasue kuni. Kagua matendegu na mifumbati. Ikiwa mchwa hawajaingia, kilichobaki ni kamba. Kabla hujainunua, mtafute mzee wa mtaani anayejua kuwamba, umwamkie, umwombe ukae naye akiwamba kitanda kimoja kizima.