Ashua Angeshtaki Wapi? Polisi na Haki katika Tamthilia ya Kigogo



Swali hilo si langu. Niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Ikonge tulipokuwa tukichambua Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Nilikuwa nimeandika ubaoni "Majoka ni katili" na ithibati nne chini yake. Nilisita kujibu. Nduguye kijana huyo alikuwa amelala seli siku tatu bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kwake hilo halikuwa swali la mtihani.

Kigogo imekwisha kuondoka katika orodha ya vitabu teule, lakini funzo lake lafaa kitabu chochote kinachogusia dola na raia.

Tuanze na matini. Ashua anatiwa ndani baada ya purukushani ofisini mwa Majoka. Kinachoamua siku ya kutoka kwake si hakimu, ni kinyago. Sudi akikubali kukichonga, mkewe ataachiliwa. Sisi tulio jirani na wachongaji wa Tabaka tunajua kuwa kinyago kina bei. Huko Sagamoyo bei yake ni mtu. Seli imegeuzwa rehani na polisi wamekuwa walinzi wa rehani hiyo. Mtahiniwa akiandika "ukatili" tu, hajakosea, ila hajafika. Ukatili ni sifa ya mtu. Hapa tunaonyeshwa asasi nzima ikitumikia matakwa ya mtu mmoja.

Tazama pia Ashua anapodai talaka. Wanafunzi wengi humlaumu kwa kukosa msimamo. Mimi naona hivi: mtu aliyedhulumiwa na asiyekuwa na mlango wa kubisha huielekeza hasira yake kwa aliye karibu naye. Dhuluma ya polisi inaishia kuvunja nyumba.

Sasa tuje kwa Kingi. Wengi wetu hufundisha kuwa anapokataa kuwafyatulia raia risasi, haki imepatikana. Naomba tutofautiane kidogo. Hiyo ni dhamiri, na dhamiri ya askari mmoja si haki. Leo yupo Kingi, kesho atakuwapo mwingine. Waliokwisha kuuawa katika maandamano hawapati hukumu, na jamaa zao hawapati fidia. Pengo hilo ni sehemu ya maana ya tamthilia, nalo linastahili aya nzima katika insha.

Je, nje ya kitabu pana mlango? Upo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama zikipita siku ambazo haiketi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kumshtakia mwenziwe asiyeweza kujishtakia, wala hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Kwa sheria hiyo, Sudi au Tunu angeweza kumsemea Ashua. Kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia. Tangu sheria ya 2011, ipo pia IPOA, mamlaka huru ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi.

Hata hivyo, tusiwadanganye wanafunzi kuwa mlango huo hauna gharama. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia polisi kwa kumpiga risasi, na dereva wao wa teksi walitoweka baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Wote waliuawa. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa. Miaka karibu saba! Haki ilikawia, lakini ilikuja kwa sababu kuna waliolalamika na waliokubali kutoa ushahidi.

Tahadhari kwa mtahiniwa: Sagamoyo si Kenya. Usijaze insha vifungu vya Katiba. Mtahini anataka ithibati kutoka kitabuni. Sheria ikusaidie kuuliza, na matini ndiyo yajibu.

Yule kijana nilimjibu hivi: Ashua hakuwa na pa kushtaki, nduguyo anapo. Tukaandika pamoja tarehe na saa aliyokamatwa.

Swali la kudurusu: "Kukataa kwa Kingi ni mwanzo wa haki, si haki yenyewe." Jadili. (alama 20)