Mng'oa Ndago wa Kanyangi

Ndago ni gugu lisiloshindwa kwa nguvu. Ukiikamata ukavuta, majani yanakuja mkononi na kiazi kinabaki chini. Mama mmoja wa Kanyangi, Ukambani, mwenye bustani ya sukuma wiki kando ya mto wa mchanga, havuti kabisa.

Husubiri mvua ipite, udongo uwe na unyevu lakini usigande kwenye jembe. Kwanza anasokota shina kati ya vidole. La nyasi ni duara na lina vifundo. La ndago lina pembe tatu, limejaa ndani, na majani yake yamepangwa matatu matatu. Pembe hizo ni za ukoo. Mafunjo ya vinamasi vya Ziwa Victoria, yanayopita mita 4, yanazo pia, ingawa ndago huku haifiki gotini.

Anachukua jembe la meno, kwa kuwa la bapa hukata. Anaangusha meno shubiri moja kutoka kwenye shina, anauinua mpini polepole mpaka ardhi ipasuke, na halipindui bonge. Analiacha limelegea, anachuchumaa, anaingiza vidole.

Kazi yenyewe iko hapa. Chini ya shina pana kivimbe. Kutoka hapo unatambaa uzi mwembamba, mgumu, hadi kwenye kiazi kisichozidi ncha ya kidole. Kisha uzi tena, kiazi tena, kama shanga. Mkono wa kushoto unaufuata uzi kwa chini, wa kulia unavunjavunja udongo juu yake. Uzi ukipinda, naye anapinda. Ukizama, anachimba kwa kidole kimoja. Havuti hata pale ambapo mimi ningevuta.

Ana sababu. Viazi vikiwa vimeungana, vingi hulala tu. Uzi ukikatika, vinaamka na kila kimoja kinachipua. Ndiyo maana wenye plau huivuna ndago zaidi kila msimu: wanaikata na kuisambaza wenyewe. Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu LeRoy Holm na wenzake waliitaja kuwa gugu baya kuliko yote duniani, na sidhani kuna mkulima wa Ukambani atakayewabishia.

Kiazi cheusi anachokitilia shaka anakikwangua kwa ukucha. Ndani kikiwa cheupe na kikinukia dawa, kingali hai. Vyote vinaingia kwenye karai, havitupwi ukingoni wala kwenye shimo la mbolea, kisha vinaanikwa juu ya mwamba mpaka vikauke kabisa, ndipo vichomwe.

Palipochimbwa anapanda kunde, kwa kubananisha kuliko kawaida, maana ndago haistahimili kivuli. Bado atarudi. Majani machanga yakichomoza kati ya mistari analeta jembe lilelile mapema, kwa kuwa mmea huo huchukua wiki chache tu kuanza kutunga viazi vipya.