Giaboksi ya V8 na Mlima wa Gairo

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, Land Cruiser ya toleo la 200, lile shangingi tunaloliita V8, imezoea njia ya kutoka Dar es Salaam: kilomita takribani 450, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,100. Wapenda magari huisifia injini. Leo tuitazame giaboksi yake ya oto, maana hapo ndipo palipofanyika uamuzi wa maana.

Toleo hilo lilitoka mwaka 2007. Kwa vipimo vya soko la Australia, injini ya petroli ya lita 4.7 ilitoa nguvu farasi 271, na ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo mbili ikatoa 261. Kwa hesabu ya nguvu farasi, petroli ilikuwa mbele. Hata hivyo, petroli ilifungiwa giaboksi ya gia tano, na dizeli ikapewa nyingine ya gia sita, AB60F. Kwa nini?

Jibu liko kwenye msokoto, yaani nguvu ya injini kuzungusha shafti. Petroli ilikuwa na newtonmita (Nm) 410, dizeli Nm 650, tena kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Kinachokata meno ya gia na kuunguza klachi za ndani ni msokoto. Nguvu farasi huja juu, injini ikizunguka kasi; msokoto wa dizeli huja mapema, gari likiwa bado linajivuta.

Tuangalie gia zenyewe za AB60F. Ya kwanza ina uwiano wa 3.333, hivyo Nm 650 zinatoka nyuma ya giaboksi zikiwa zaidi ya 2,100. Ya nne ni 1.000, moja kwa moja. Ya sita ni 0.588: injini inazunguka mara moja, shafti inazunguka mara 1.7. Ndiyo maana kwenye tambarare za Kibaigwa injini inanong'ona tu.

Kazi iko kwenye kupanda kwenda Gairo, nyuma ya lori lililojaa. Ukiwa kwenye mwendo mzuri, klachi ya ndani ya toki konveta, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, hujifunga, na injini na giaboksi vinakwenda pamoja bila kuteleza. Mwendo ukishuka, klachi inaachia, oili inabeba kazi yote, na kuteleza huko kunazaa joto. Ukiiacha kwenye D, giaboksi nayo inahangaika: inapanda gia, inakosa nguvu, inashuka, inapanda tena. Dereva mzoefu huvuta mkono wa gia hadi S na kuizuia isivuke gia ya tatu au ya nne. Injini itapiga kelele kidogo, lakini oili itapumua.

Land Cruiser ya 300, iliyotoka mwaka 2021, imekuja na gia kumi, na dizeli yake ya lita 3.3 ina Nm 700. Wingi wa gia unapunguza pengo kati ya moja na nyingine, kwa hiyo injini haitoki kwenye eneo lake la nguvu. Haumaanishi kwamba giaboksi yoyote yenye gia nyingi ni imara.

Kwa hiyo wewe unayenunua V8 iliyotumika, au unayetaka kumpa fundi gari lako alifungie injini kubwa zaidi, usianze na idadi ya farasi wala ya gia. Uliza giaboksi inabeba Nm ngapi, kisha uliza oili yake inapozwa vipi. Toa oili kidogo uitazame: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, punguza bei au ondoka. Na AB60F inatumia oili ya Toyota WS; usikubali kuwekewa nyingine kwa sababu tu nayo ni nyekundu.