Waliokuwa na Kazi Nyingine

Karatu huamka mapema, na sababu si adhana wala kengele ya kanisa peke yake. Lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro, hufunguliwa saa 12 asubuhi, na kila dereva mwenye wageni anataka kuwa miongoni mwa wa kwanza kupita, ateremke kreta kabla jua halijawapeleka simba vivulini. Kwa hiyo alfajiri taa za Landcruiser zimeshawaka, wapishi wa lodji wameshafunga chakula cha mchana kwenye maboksi, na mama wa chapati ameshakoleza mkaa. Jioni gari lazima lipande tena, maana hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala chini ya kreta. Kisha kuna kuosha gari, kukagua springi, kujaza mafuta, kumpigia bosi wa Arusha kumweleza ya kesho. Mtu wa ratiba hiyo akisema anapenda kusoma na kuandika, jirani ana haki ya kumuuliza: saa ngapi?

Anthony Trollope, ofisa wa posta wa Uingereza katika karne ya 19, alikuwa na jibu la saa ya ukutani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, alieleza kwamba saa 11 na nusu alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, na kwamba alijidai maneno 250 kwa kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Mtumishi alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Riwaya 47 zikapatikana. Wanaotoa semina za uandishi wanampenda sana Trollope huyo, ila kwa dereva wa Karatu hafai kitu: hiyo saa 11 na nusu ndiyo saa ya kuwafuata wageni hotelini, na kahawa, kama ipo, kaichemsha mwenyewe.

Kuna Trollope wa pili, asiyetajwa sana. Kazi ya posta ilimsafirisha mno kwa treni, akaona saa zinapotea akitazama dirishani. Akajitengenezea kibao cha kuweka magotini na kuandika kwa penseli behewani, na mkewe akanakili baadaye. Sehemu kubwa ya riwaya yake ya Barchester Towers iliandikwa hivyo, mbele ya abiria wengine, aibu na yote. Huyu ndiye anayeweza kuelewana na watu wa Karatu.

Kwa sababu utalii, ukiutazama kwa karibu, ni kazi ya kusubiri. Dereva anasubiri ndege iliyochelewa uwanjani KIA. Anasubiri vibali langoni. Anasubiri wageni wamalize kifungua kinywa, anasubiri mgeni mmoja aliyesahau kofia chumbani. Chini ya kreta anasubiri simba aamke, na simba hulala au kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku. Pale Ngoitokitok, kwenye chemchemi wanapokula chakula cha mchana, anasubiri tena huku mwewe wakivizia sandwichi. Ukijumlisha vipande hivyo, siku ya mtu mwenye shughuli nyingi hukutwa na mapengo mengi, ila hakuna pengo hata moja linalotosha kuitwa wakati wa kuandika. Wengi huyajaza kwa simu. Wachache hutoa kitabu kwenye kishubaka cha gari.

Na kitabu hicho mara nyingi ni cha ndege. Hapo kusoma hakuhitaji kutetewa kama burudani, ni mkate. Mgeni mwenye darubini ya bei ghali hatavumilia kuambiwa kila kitu chenye mbawa ni tai. Lakini yapo yanayozidi mkate. Mwanasayansi Hans Kruuk alikaa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akiwafuata fisi usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, na kitabu chake cha 1972 kuhusu fisi madoa kiligeuza jambo ambalo kila mtu alidhani analijua. Humo kretani fisi huwinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na mara nyingi simba anayeonekana asubuhi juu ya mzoga kawanyang'anya wao. Dereva aliyesoma hilo na dereva ambaye hakulisoma wanasimamisha magari mahali pamoja, mbele ya simba yule yule mwenye damu mdomoni, na wageni wa kila mmoja wanasimuliwa kisa tofauti kabisa. Kimoja kati ya visa hivyo ni cha uongo, ingawa msimuliaji hana habari.

Rafu ya vitabu kuhusu Ngorongoro ina jambo la ajabu ambalo halijasemwa vya kutosha: vingi vimeandikwa na watu ambao uandishi haukuwa kazi yao. Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, yenye wanyama wa kulishwa kila siku katika mji uliobomolewa na vita. Yeye na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Baba alimaliza kitabu na filamu waliyokuwa wameianza pamoja. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na majivu ya Bernhard, aliyefariki 1987, yakaletwa kuwekwa kando ya mwanawe. Magari ya Karatu hupita hapo kila siku.

Henry Fosbrooke naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1930, baadaye Mhifadhi wa Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba 8,292 lililoanzishwa 1959 kwa mpango wa kuwaweka wafugaji na wanyamapori pamoja. Mashauri ya malisho, maji, faru na bajeti yalipita mezani kwake, lakini mwaka 1972 alitoa kitabu kizima juu ya kreta. Kabla ya hapo, mwaka 1948, alikuwa amechapisha uchambuzi mrefu wa mfumo wa jamii ya Wamaasai katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jarida hilo lililoanza 1936 linastahili insha yake lenyewe. Kurasa zake zilijazwa na mabwana shauri, wajiolojia, walimu na wamisionari, watu wa ofisini walioandika kuhusu ngome, nyota, samaki, koo na magofu baada ya saa za kazi.

Hapa msomaji wa Karatu ana haki ya kukohoa kidogo. Saa za jioni za bwana shauri hazikuanguka kutoka mbinguni. Palikuwa na mpishi, dobi, mtu wa kuchota maji na mtu wa kupasua kuni, na taa ilijazwa mafuta na mkono mwingine. Hata Trollope alikuwa na mleta kahawa wake, na mke wa kunakili. Sifa ya mwandishi mwenye kazi nyingi ingekuwa na adabu zaidi kama ingeuliza pia ni nani aliyeosha vyombo. Penina Muhando, mwalimu wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwandishi wa tamthilia, aliligusa jambo hilo kwa ucheshi mkali katika Nguzo Mama, iliyotoka 1982: wanawake wa kijiji wanahangaika kusimamisha nguzo moja, na kila mmoja anavutwa upande wake na shida za nyumbani kwake. Mwalimu wa kike wa shule ya msingi Rhotia au Endabash, mwenye andalio la somo la kesho, madaftari ya kusahihisha, mtoto mwenye homa na ng'ombe wa kukamua, hahitaji kuelezwa tamthilia hiyo inahusu nini.

Wenyeji nao wameandika. Solomon ole Saibull alikuwa Mhifadhi wa Ngorongoro, akawa pia waziri, na mwaka 1981 akatoa pamoja na Rachel Carr kitabu kuhusu Wamaasai. Tepilit Ole Saitoti, aliyezaliwa 1949 na kukulia nchi hiyo ya Ngorongoro akichunga, alikuwa askari wa hifadhi Serengeti kabla ya kwenda kusoma Marekani. Maelezo yake yaliandamana na picha za Carol Beckwith katika kitabu cha 1980, kisha 1986 akatoa tawasifu yake. Tofauti yake na wale wa kwanza inaonekana mara moja. Grzimek anaona makundi; Saitoti anamjua ng'ombe mmoja kwa rangi yake na baba mmoja kwa hasira yake. Uchungaji ulikuwa umemfunza kutazama muda mrefu bila kuchoka, na hiyo ni nusu ya ufundi wa kuandika.

Nusu ya pili ni kufuta, na kufuta ndiko kunakokula muda. Ukitembea Tanzania nzima ukiwatafuta waliomudu hilo wakiwa na ajira, hutakosa. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha kama karani mwaka 1926 na aliendelea na utumishi wa serikali karibu maisha yake yote, akaishia ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Katikati ya majalada na mihuri akatunga utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945 wenye beti zipatazo 3,000. Karani hufunzwa kuandika bila kuharibu karatasi, na ukizisoma sentensi za Kusadikika, iliyotoka 1951, unaona mtu aliyezoea barua rasmi akiutumia urasmi huo huo kuiumbua dola. Elvis Musiba alikuwa mfanyabiashara aliyefika kuongoza chemba ya biashara ya taifa, na katikati ya hesabu zake akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Na Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, nchi ikiwa changa na yeye ndiye rais, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Atakayesema amebanwa kuliko rais wa nchi mpya ajiandae kutoa ushahidi.

Wala si kweli kwamba kazi iliwaibia watu hawa muda wa kuandika na basi. Iliwapa pia cha kuandika. Iliwapa msamiati, maadui, majina ya vitu, na ile hasira ndogo ya kila siku inayomfanya mtu atake kusema jambo kwa usahihi. Mpishi wa kambi anajua jinsi unga unavyokataa kuumuka kwenye baridi ya kingo za kreta, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua maneno ambayo watu husema saa 9 usiku na kuyakana asubuhi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anajua bei ilivyoporomoka kati ya shamba na lori. Mtu huyo akipata robo saa, hakai kuwaza aandike nini. Anachohitaji ni namna ya kukiweka kisipotee hadi robo saa nyingine. Ndiyo maana wenye uzoefu hukatiza sentensi katikati kwa makusudi, ili kesho wajue pa kuanzia, na huandika majina na tarehe papo hapo, kwa kuwa hisia hurudi zenyewe lakini jina la mto halirudi.

Wairaqw wa Karatu na Mbulu walikuwa na ufundi wao kabla ya kaunta buku. Slufay, sala ndefu ya kishairi inayotongolewa na mzee huku wenzake wakiitikia, ilibebwa kichwani na watu waliolima na kufuga mchana kutwa. Hakuna aliyeitunga kwa kuacha kazi. Iliiva shambani na kutamkwa baraza lilipokutana. Mwaka 1978 W. D. Kamera alitoa mkusanyo wa Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kwa Kiswahili, na mtoto wa Karatu anaweza kuusoma bila mkalimani. Vitabu vingi vya ile rafu ya Ngorongoro haviwezi kusomwa hivyo. Vilitoka kwa Kijerumani na Kiingereza, na watu wanaoonekana humo kurasa kwa kurasa hawakuwa wasomaji waliokusudiwa.

Msimu wa mvua za masika, hasa Aprili na Mei, njia za kreta hugeuka tope, wageni hupungua, na baadhi ya kambi hufungwa kwa ukarabati. Hapo ndipo muda unapatikana kwa mkupuo, na hapo ndipo fedha hukosekana, kwa kuwa anayelipwa kwa safari halipwi asiposafiri. Kwa hiyo jembe hutangulia, maana mahindi na mbaazi vina kalenda yao. Hata hivyo usiku wa masika ni mrefu, na simu ambayo mchana ilituma picha za wageni inaweza kubeba sura ya kwanza ya riwaya. Tangu 2022 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayopokea miswada ya Kiswahili, riwaya na mashairi miongoni mwake. Dereva aliyeshuka kreta miaka 20 akiamua kupeleka mswada wake, huenda wahariri wakakuta vituo vimewekwa ovyo na sura ya tatu imerudiwa mara mbili. Watakuta pia bei ya springi ya nyuma, jina la mgeni aliyelia alipoona faru, namna ya kulinasua gari kwenye tope bila kuwatia hofu wageni, na ugomvi wa langoni kuhusu kibali kilichoandikwa tarehe ya jana. Kutoka kwenye ndege yenye milia, hayo hayakuonekana.